Kufuata Sahani Kutoka Daraja la Kilifi Hadi Gongoni

Msimu wa maembe ukifika, simama upande wa Mnarani ulitazame daraja la Kilifi. Malori yanapishana. Yanayoelekea Mombasa yamejaa maembe, nazi na muhogo. Yanayotoka Mombasa yamebeba viazi, kabichi, vitunguu, magunia ya mahindi ya Bonde la Ufa na mchele uliovuka bahari kutoka Pakistan. Kabla daraja hili halijafunguliwa mwaka 1991, mizigo yote hiyo ilingoja feri, na embe lililokawia kwenye foleni lilifika sokoni limeshalainika. Siku hizi halingoji tena. Watoto wa shule hupita pembeni mwa malori hayo asubuhi na jioni, mabegi mgongoni, na ndani ya mabegi mna kitabu cha kilimo.

Mtaala wa umilisi ulipoenea nchini Kenya kuanzia mwaka 2019, kilimo kilirudi katika shule za msingi kuanzia gredi ya nne. Vitabu vya somo hili hupenda mchoro mmoja: shamba, kisha mshale, lori, mshale, soko, mshale, meza. Mimi nilifunga safari hii kwa ajili ya ile mishale. Mtoto wa Kilifi hahitaji maelezo marefu kuhusu shamba. Amepalilia, amefukuza ndege kwenye mtama, ameokota nazi zilizoanguka usiku. Meza pia anaijua, hata kama kwao meza ni mkeka. Asichoonyeshwa ni watu na vitu vilivyojificha ndani ya mshale: mizani, barafu, mashine ya kusaga, dalali, mkopo, na yule anayetamka bei wengine wakaitikia. Hapo katikati ndipo panapoamuliwa nani atashiba, na naamini hapo ndipo somo lingepaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Mwalimu mmoja wa gredi ya tano, kutoka shule ya msingi kaskazini mwa mji wa Kilifi, alikubali nifuatane na wanafunzi wake katika matembezi yao. Alikuwa amewachagulia sahani moja ya mchana: sima, mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga, kipande cha embe, na chumvi iliyotiwa humo. Juu yake aliongeza korosho, kwa kuwa ni fahari ya Kilifi. Kila walipofika mahali, watoto walitakiwa kuuliza maswali matatu na kuandika majibu: Nani amekishika chakula hiki? Kimengoja nini kabla ya kuondoka hapa? Bei yake imepanda kwa kiasi gani, na kwa kazi ya nani?

Tulianzia Tezo, chini ya mikorosho. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaipenda ardhi ya kichanga ya pwani hii. Bibo huliwa palepale, maji yake yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Korosho yenyewe huanikwa na kuwekwa. Watoto wote walijua kwamba korosho mbichi haitiwi mdomoni, maana ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mama mwenye boma aliwapokea, akaitikia shikamoo zao, kisha akawaonyesha anavyozichoma juu ya bati lililotobolewa, moshi mweusi ukipanda, na anavyozigonga moja moja ili kiini kitoke bila kuvunjika. Korosho zenye maganda za kilo nne au tano hutoa kiini cha kilo moja hivi. Mwalimu akawauliza wanafunzi: mnunuzi akija na mizani yake akazichukua zikiwa na maganda, kazi hii ya kuchoma na kubangua itafanywa na nani, na ujira wake utalipwa katika mji gani?

Swali hilo lina historia ndefu hapa. Miaka ya 1970 mji wa Kilifi ulipata kiwanda cha kubangua korosho, na kwa muda mkulima wa Tezo au Chumani alijua mzigo wake unakwenda wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kikawa kimesimama. Wakulima wakabaki na wanunuzi wapitao njia, mikorosho ikazeeka bila kupandwa mingine ya kutosha, na mingine ikaishia kuwa makaa. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, kwa nia ya kuirudisha kazi ya ubanguaji nchini. Msichana mmoja aliandika katika daftari lake, chini ya swali la pili: "Korosho inangoja kiwanda." Mwalimu alimsomea kila mtu jibu hilo kwa sauti.

Barabara ya kwenda Malindi inapita Matsangoni, kisha upande wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke unaanza kuandamana nawe. Upande wa bahari ipo hori ya Mida na mikoko yake. Tulishuka maji yakiwa yamekupwa. Watoto walitembea juu ya tope, wakapita katikati ya mizizi iliyoshuka kama vidole na kukamata ardhi, wakaona kaa wakikimbilia mashimoni na samaki wadogo wakihangaika katika vidimbwi. Samaki wengi wanaokaangwa majumbani huanzia maisha yao mahali kama hapa, kwenye kivuli cha mkoko, kabla ya kutoka kwenda kwenye matumbawe. Nje ya hori hii kuna hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliuliza kwa nini baba yake akatazwe bahari iliyo mbele ya nyumba yao. Mwalimu hakumpuuza. Alimweleza kwamba samaki wakiachwa wakue na kuzaa pahali pamoja, baadhi yao huhamia nje ambako baba anaweza kutega malema yake. Kisha akasema swali hilo ni halali na wavuvi wenyewe bado wanalijadili. Nilipenda jibu hilo kwa sababu mtoto aliondoka na elimu ya viumbe, na heshima ya baba yake haikuguswa.

Gede ni mwendo mfupi kutoka hapo. Mji huu wa mawe ulistawi tangu karne ya 12 au ya 13 na ukahamwa kufikia karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuanzia mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba, na mojawapo ya nyumba zake ilipewa jina la bakuli la kauri lililopatikana ndani yake. Bakuli za Kichina zilifika mpaka meza za Gede zikipokezanwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi. Mwalimu aliwakalisha watoto kwenye kivuli cha mti mkubwa, akawauliza watu wa mji huu ulipokuwa na nguvu walikula sima ya nini. Wengi wakajibu mahindi. Ndipo akawaambia kwamba mahindi na muhogo vilikuwa bado upande wa pili wa dunia, Amerika, na vilifika pwani yetu baada ya Wareno. Kabla ya hapo nafaka za Afrika Mashariki zilikuwa mtama na wimbi. Watoto walinyamaza, kisha maswali yakamiminika. Nani alileta mbegu? Walijuaje kuupika muhogo bila kudhurika na ule mchungu? Naona hilo ni somo kubwa. Mtoto akijua kwamba sima yake ilisafiri kabla ya babu wa babu yake, hataona haya kupanda kitu kipya, wala hatadharau mtama wa zamani ambao huvumilia ukame kuliko mahindi.

Malindi tulifika alfajiri ya siku nyingine, kwenye ufuo ambako mashua hushusha samaki. Bahari ya kaskazi ilikuwa imetulia. Wakati wa kusi mambo ni mengine: upepo huwa mkali, vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali, na samaki huadimika sokoni. Watoto waliwahesabu watu walioshika samaki mmoja kabla hajaondoka mchangani: mvuvi, mpakuaji, mpimaji, mnunuzi, mpara magamba. Waliona pia jambo ambalo halimo katika mchoro wa kitabu. Mvuvi aliyeazimwa nyavu au injini na tajiri humuuzia tajiri huyohuyo, na bei hupangwa na yule anayemdai. Nguru, jodari na kamba wakubwa walitiwa kwenye masanduku ya barafu kwa ajili ya hoteli na Mombasa. Pembeni walikuwa wameketi mama karanga, akina mama wanaonunua samaki wadogo, kuwakaanga na kuwauza mitaani, kila mmoja na beseni lake.

"Mama, kwa nini hununui nguru?" msichana mmoja aliuliza.

"Nguru ana wenyewe, mwanangu. Mimi nanunua yule atakayeliwa hapa."

Alituambia kwamba hana pesa za barafu, na asipokaanga samaki wake leo, kesho atakuwa amewatupa. Karai la mafuta ndilo linalomwezesha kungoja mpaka jioni. Mtoto akauliza tena: mafuta yakipanda bei, je? Mama alicheka, akasema hapo samaki hupungua ukubwa kwenye sahani, maana bei akiipandisha jirani zake hawanunui. Kwa dakika kumi za mazungumzo yale, watoto walijifunza uchumi ambao ningependa kila mtu mzima aujue.

Kutoka mjini tulivuka mto Sabaki. Maji yake ni mekundu kwa udongo, kwa sababu mto huu ndio Athi unaoanzia nyanda za juu, hupokea maji ya Nairobi, hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha huingia baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Kandokando yake wakulima hulima mchicha, bamia, nyanya, pilipili na ndizi. Mchicha uko tayari kung'olewa baada ya wiki tatu au nne tu, lakini ukishang'olewa una siku moja ya uzuri. Mkulima mmoja aliwaonyesha watoto anavyofunga mafungu jioni, kuyafunika kwa gunia lenye unyevu, na kumngojea mwenye bodaboda kabla ya mapambazuko. Bodaboda akichelewa, mchicha unakuwa chakula cha mbuzi. Kijana wa pikipiki ambaye watu humwona anakimbia ovyo barabarani huwa mara nyingi anakimbizana na jua.

Ukingo huu una kumbukumbu nzito, na mwalimu hakuziruka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, chini ya masultani wa Unguja, mashamba ya Malindi yalijaza majahazi kwa mtama, mahindi na ufuta uliokwenda mpaka Arabuni. Waliolima walikuwa watumwa. Baadaye Wagiriama walilima ng'ambo ya kaskazini ya mto na kuuza nafaka zao wenyewe. Serikali ya Waingereza iliwataka wakafanye vibarua katika mashamba ya wengine. Wakakataa, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawaongoza katika upinzani. Mwaka 1914 waliamriwa kuhama kaskazini mwa Sabaki na wengi wakafukuzwa kwa nguvu. Watoto waliijua habari ya Mekatilili kutoka katika somo la historia. Walichokuwa hawajaambiwa ni kwamba ugomvi ule ulihusu pia nani alime, alimie nani, na mavuno yawe ya nani. Kumwambia mtoto kwamba chakula kinatoka shambani bila kumwambia shamba lilikuwa la nani ni kumpa nusu ya ukweli.

Mahindi ya sima yetu tuliyafuata mpaka kwenye mashine ya kusaga. Yale ya msimu wa mvua za mwaka, kama Wagiriama wanavyoziita mvua ndefu, yalikuwa yameshakwisha katika nyumba nyingi, kwa hiyo gunia tulilolikuta lilitoka bara. Watoto walijaza gorogoro, wakasawazisha juu kwa ubao, wakapima kwenye mizani ya dukani, kisha wakalinganisha na gorogoro jingine lililobonyea ubavuni. Tofauti ilionekana kwa macho. Nyumbani watoto hao hutumwa dukani kila siku na makopo kama hayo.

Nazi ilibaki kazi ya jiko la shule. Hapo watoto ndio walionifundisha mimi. Walipangilia mbele yangu kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, wakaniambia kila moja ina kazi yake na kwamba kutoka ua mpaka nazi iliyokomaa hupita karibu mwaka mzima. Wavulana na wasichana walipokezana kukaa juu ya mbuzi, wakakuna, wakakamua tui zito na jepesi, chicha wakawatupia kuku. Kifuu kimoja waliweka kando kitengenezwe upawa. Mpishi aliwakumbusha kwamba tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, ama sivyo litakatika. Mchicha wa Sabaki ukaiva ndani yake.

Chumvi ilitupeleka mbali zaidi, kupita Mambrui mpaka Gongoni. Kutoka hapa kwenda Marereni, ukanda wa bahari umegawanywa kwa mabwawa mapana ambamo maji hupitishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyakausha, mpaka chumvi ibaki. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka kwenye ukanda huu wa Magarini. Siku chache kabla, watoto walikuwa wamechemsha lita moja ya maji ya bahari mpaka ikakauka, wakapata chumvi isiyozidi vijiko vichache. Lita moja ya bahari hubeba takriban gramu 35. Sasa, mbele ya vilima vile vyeupe, walijua wenyewe bahari kiasi gani imepita hapo. Waliambiwa kwamba kabla ya kufungwa, chumvi ya mezani hutiwa iodini kama sheria inavyotaka, ili kuzuia ugonjwa wa tezi shingoni. Waliwaona pia wafanyakazi wakiikusanya chumvi kwenye jua kali, viatu na mikono vikiwa vimekaushwa nayo. Kwa swali la kwanza, nani amekishika, mvulana mmoja aliandika: "Watu ambao macho yao yanauma kwa mwanga."

Fikra ya kuwapa watoto elimu ya chakula si ngeni kwetu. Julius Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kila shule iwe na shamba lake. Kenya ilikuwa na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vikafifia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021. Japani ilitunga sheria ya elimu ya chakula mwaka 2005, na huko wanafunzi hupakuliana chakula cha mchana na kusafisha wenyewe. Lakini watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wakisikia shamba la shule hukumbuka jembe walilopewa kwa kuchelewa, na mavuno waliyoyalima bila kuyaonja. Jembe likiwa adhabu, mtoto hujifunza kwamba mkulima ni mtu aliyekosea. Ndiyo maana nautetea utaratibu wa yule mwalimu. Wanafunzi wake walilima kidogo, wakauliza sana, na mwisho wakala walichokifuata.

Kuna njia ya kulifanya somo hili litoke kwenye daftari. Mwaka 2009 Kenya ilianza mpango wa kuzipa shule za maeneo makavu pesa zinunue chakula cha wanafunzi katika masoko ya karibu, badala ya kungoja misaada kutoka mbali, na mwaka 2018 serikali ikaupokea kikamilifu mpango wa chakula shuleni kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Sufuria la shule ni mteja mkubwa. Likinunua kunde za Ganze, muhogo wa Magarini na mchicha wa Sabaki, wanafunzi wakashuhudia upimaji na kusoma hesabu za ununuzi, mshale wa kitabuni utakuwa na sura za watu wanaowajua. Ganze na Magarini ninazitaja kwa kusudi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na watoto wa huko walijifunza kuhusu sahani tupu. Nao wana haki ya kujua kwamba sahani hiyo ina sababu zake: mvua, mifugo iliyokufa, na barabara iliyoshindwa kuleta mahindi ya mahali palipokuwa na mavuno.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu, wazazi na serikali ya kaunti ni dogo na linawezekana muhula huu huu. Karibu na shule nyingi za Kilifi na Malindi pana mashine ya kusaga, ufuo wa kushushia samaki, soko au mizani ya dalali. Milango hiyo ifunguliwe kwa watoto, mara moja kila muhula, wakiwa na daftari na ruhusa ya kuuliza bei. Wenye mizani wakubali kupimwa. Wazazi wanaouza mchicha, samaki na nazi waalikwe darasani kama walimu wa siku hiyo, walipwe nauli na wapewe kiti cha mbele. Mtoto anayejua leo kwamba gorogoro lililobonyea linampunja mama yake ndiye kesho atakayeketi kwenye chama cha ushirika na kuuliza korosho zetu zinabanguliwa wapi, na kwa nini si hapa.